Diski inagonga na kazi zote zimo humo: kipi kianze, kufunga mpya au kuokoa data?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina stesheneri hapa Muheza. Kompyuta yangu ya kazi ni ya mezani, Pentium 4, ina Windows XP na hadi diski ya GB 80, ile yenye mkanda mpana wa kijivu. Siwezi kuiacha kwa sababu mashine yangu ya kuchapia picha za pasipoti haina draiva ya Windows mpya. Wiki hizi inachelewa kuwaka, mara nyingine inaganda, na ndani inagonga tik, tik, tik. Humo kuna picha za harusi na za pasipoti za miaka mingi, CV na barua za wateja, na hesabu za duka. Kijana anayenitengenezea kompyuta anasema ninunue diski ya TB 2, aifunge, aweke Windows upya, kisha avute data kutoka ile ya zamani. Mdogo wangu anasema ninunue diski ya nje tu nihamishie kila kitu. Nimsikilize nani? Na hiyo ya TB 2 itakubali kwenye kompyuta ya zamani hivi?"

Marahaba, dada. Kwanza kabisa izime hiyo kompyuta, chomoa waya ukutani, na usiiwashe tena mpaka uwe na mahali pa kuweka data. Kama leo una wateja wa picha, waombe warudi siku nyingine. Najua biashara haisubiri, lakini kila mara unapoiwasha diski ya namna hiyo ili imalizie kazi moja tu, unaipunguzia nafasi ya kusomeka.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu ya tabaka la hewa jembamba kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kikishindwa kuzisoma alama za njia zilizoandikwa kwenye sahani, hurudi kwenye maegesho yake, kikajaribu tena, kikarudi tena. Huko kwenda na kurudi ndiko unakosikia kukigonga. Kichwa kilichochoka kinaweza kuigusa sahani, na kikigusa hukwangua utando wa sumaku ambao ndio wenye picha zako. Sehemu iliyokwanguliwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Halafu XP yenyewe haitulii. Hata ukiiacha bila kufungua kitu, inaandika kumbukumbu zake kwenye diski, inapanua faili lake la kumbukumbu ya muda, inaweka alama za kurejeshea mfumo. Na ikizimika vibaya, ukiiwasha inaleta ule ukurasa wa bluu wa kukagua diski na kuanza "kurekebisha" mafaili kwa saa nzima. Kwenye diski nzima ukaguzi huo unafaa. Kwenye diski inayokufa ni kuitesa: inasomwa huku na huku, na kile kisichosomeka kinafutwa kwenye orodha au kugeuzwa vipande visivyo na majina. Ukiuona ukurasa huo, bonyeza kitufe chochote kabla hesabu ya sekunde haijaisha, uuruke.

Sasa kuhusu washauri wako. Kijana wako ana nia njema, ila amegeuza mpangilio. Anataka kuweka Windows, kutafuta draiva na kuipanga kompyuta upya, ndipo aikumbuke diski ya zamani mwishoni. Mimi ningeanza na diski ya zamani, hayo mengine yasubiri hata mwezi mzima. Mdogo wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila neno "kuhamisha" linanitia hofu. Ukihamisha picha kutoka diski moja kwenda nyingine, bado una nakala moja. Diski ya nje nayo huanguka mezani.

Kabla hujaihukumu diski, angalia umeme wake. Kugonga mara nyingine kunatokana na pawa saplai iliyochoka: diski inaanza kuzunguka, volti 12 zinashuka, inazimika, inaanza tena, na sauti ni ileile. Fungua ubavu wa kompyuta na tochi. Kwenye mazabodi, karibu na prosesa, kuna kapasita zilizosimama kama vikopo vidogo. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Ukiona vilivyovimba, au vyenye ute mkavu wa kahawia, hilo ni gonjwa linalojulikana sana la mashine za miaka ya kati ya 1999 na 2007, na ndani ya pawa saplai hali huenda ni hiyohiyo. Diski inaweza kuwa haina kosa. Habari njema ni kwamba njia nitakayokueleza ya kuokoa data inailisha diski umeme mwingine kabisa, kwa hiyo tutaijua hali yake bila kuiwashia ndani ya hiyo mashine.

Kuokoa

Unahitaji vitu vitatu, mbali na flashi nitakayoitaja mbele: kompyuta nyingine nzima, hata laptopu ya kuazima, adapta ya kuunganishia diski ya IDE (hiyo yako ya mkanda mpana) kwenye USB, iwe na soketi ya SATA pia kwa ajili ya diski mpya ya baadaye, ile inayokuja na chaja yake, kwa kuwa diski ya mezani inataka volti 12 ambazo USB haina, na diski ya nje ya TB 1 iliyofomatiwa kwa NTFS. Nasisitiza NTFS. Diski iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na faili tutakalotengeneza, lenye nakala ya diski yako nzima, litakuwa la GB 80.

Usinunue flashi iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi kati ya hizo zina GB 16 au 32 ndani na chipu iliyodanganywa kutaja ukubwa mwingine. Zinapokea mafaili kwa utulivu, majina yanaonekana yote, lakini ukija kuyafungua, yaliyovuka ukubwa wa kweli ni matupu. Diski au flashi yoyote mpya ijaribu kwanza kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza yote na kuisoma tena. Kwa TB 1 zoezi hilo huchukua saa nyingi, iache usiku. Nimeona watu wengi zaidi wakilia kwa sababu ya flashi hizo kuliko kwa sababu ya diski zilizoharibika.

Chomoa diski ya zamani kwenye kompyuta. Waya wa ukutani uwe nje, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma kisichopakwa rangi cha boksi kabla ya kugusa chochote ndani, umeme tuli wa mwilini uondoke. Diski isigongwe, isiegemezwe ukutani. Ilaze juu ya kitambaa kikavu. Nyuma yake utaona pini ndogo zenye jampa, kiplastiki kinachounganisha pini mbili. Kwenye adapta nyingi za USB diski inatakiwa iwe imewekwa kama "Master", na mchoro wa mahali pa kuweka jampa umechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski.

Usiiunganishe kwenye Windows. Windows ikiona diski itataka kuikagua, kuandika folda zake za siri, na mara nyingine itakuuliza kama uifomati. Tumia flashi yenye Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya uokoaji iitwayo SystemRescue. Inapakuliwa bure, na programu ya Rufus inaiweka kwenye flashi. Laptopu ikiwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, haigusi Windows yake wala haiandiki chochote kwenye diski yako ya zamani mpaka uiamuru. Kijana wako anaweza kufanya hivi kwa mchana mmoja hata kama hajawahi, kwa kuwa amri ni chache. Andika kwanza:

lsblk

Utaona orodha ya diski zote na ukubwa wake. Ya kwako ya GB 80 itaonekana kama 74.5G, usishtuke: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Tuseme imeitwa sdb, na patisheni (sehemu iliyogawanywa ya diski) ya diski yako ya nje ni sdc1. Hakikisha mara mbili, kwa sababu kosa la herufi moja hapa linaweza kuandika juu ya kitu usichokitaka. Kisha:

mkdir /mnt/bakapu
ntfs-3g /dev/sdc1 /mnt/bakapu
ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/bakapu/duka.img /mnt/bakapu/duka.map

Hii ddrescue ndiyo kazi yote, na naipenda kwa busara yake. Kunakili kwa kawaida, kule kwa kukokota folda, kukikutana na sehemu mbovu hung'ang'ania hapohapo, diski ikagonga dakika kumi, kisha kila kitu kikakwama na folda mia zilizokuwa nzima hazikuguswa. Hii hufanya kinyume: inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka penye ugumu, na kuandika kwenye lile faili la map ni wapi imepita na wapi imeruka. Umeme ukikatika, au diski ikiganda ukalazimika kuizima ipumzike, ukirudia amri ileile inaendelea palepale ilipoishia. Ikimaliza, ipe raundi ya pili ya kurudia sehemu ngumu mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/bakapu/duka.img /mnt/bakapu/duka.map

Diski nzima ya GB 80 kupitia USB 2.0 huisha kwa kama saa moja. Yenye majeraha inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Chunga laptopu ya kuazima isiwe na milango ya USB ya kizamani ya 1.1, hiyo hupitisha kama MB 1 kwa sekunde, na GB 80 zingekula saa ishirini na zaidi huku diski mgonjwa ikizunguka muda wote. Weka feni iipulizie. Joto la Tanga mchana halimsaidii mgonjwa huyu.

Kama ukiiunganisha kwa adapta haionekani kabisa kwenye lsblk, au inaonekana lakini ddrescue haisomi chochote na inaendelea kugonga, acha. Hapo imefika mahali pa maabara ya kuokoa data yenye chumba kisicho na vumbi, na huduma hiyo ni ghali. Amua kwa thamani ya kilichomo. Kitu kimoja tu nakusihi: asiifungue mtu mezani kwa bisibisi "aangalie kichwa". Wala isiwekwe kwenye friza, ushauri uliozunguka miaka mingi. Pwani yetu ina unyevunyevu, ikitoka kwenye baridi inatoa jasho ndani, juu ya sahani.

Kwa nini nakuambia unakili diski nzima badala ya kuchagua folda za picha? Kwa sababu hakuna mwenye stesheneri anayekumbuka vitu vyake viko wapi. Kwenye XP mafaili ya Desktop na My Documents yamo ndani ya C:\Documents and Settings, chini ya jina la mtumiaji. Lakini kuna picha ulizoziacha kwenye folda ya kamera, kuna barua za mteja zilizo ndani ya "New Folder (3)", kuna fonti ulizopewa na mtu, kuna mpangilio wa karatasi ya pasipoti uliouzoea. Na kwako kuna kingine kikubwa: ile draiva ya mashine ya kuchapia picha, ambayo CD yake huenda haipo tena. Taswira ya diski nzima, yaani lile faili la duka.img, inabeba vyote hivyo kama vilivyo, na hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuwasha XP yako ileile kwenye diski mpya, bila kuweka Windows upya.

Ukishapata duka.img, unaweza kulifungua kwenye Windows ya kisasa kwa programu ya bure ya 7-Zip, ukaingia ndani kama folda ya kawaida na kutoa picha. Zifungue picha kadhaa kutoka miaka tofauti, zisome CV chache, fungua hesabu. Zikifunguka, umeshapona sehemu kubwa. Kama orodha ya mafaili imeharibika na folda hazionekani, kuna PhotoRec, imo humohumo kwenye SystemRescue. Inatafuta picha kwa alama za mwanzo wa faili. Majina hupotea, lakini sura za maharusi zinarudi.

Ile TB 2

Itakubali? Huenda, kwa masharti mengi, na huihitaji. Kompyuta za zamani zina dari za ukubwa, na inafaa uzijue kwa sababu muuzaji hatakuambia. Dari ya kwanza ni GB 137. Mfumo wa zamani wa kuhesabu sekta za diski, yaani vipande vidogo vya kuandikia, ulikuwa na tarakimu 28 za kompyuta (biti), zinazofikia sekta kama milioni 268, na sekta ni baiti 512. Zidisha, unapata GB 137. BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta) nyingi za kabla ya 2002 au 2003 zinaishia hapo, na XP ya mwanzo pia iliishia hapo mpaka kilipotoka kifurushi cha marekebisho cha Service Pack 1 mwaka 2002. Hatari yake ni kwamba haikatai kwa sauti. BIOS na Windows zisipokubaliana juu ya ukubwa, data inayovuka mpaka inaweza kuandikwa juu ya mwanzo wa diski, na unagundua miezi baadaye siku kompyuta inapogoma kuwaka. Dari ya pili ni TB 2.2, mwisho wa mgawanyo wa kizamani wa MBR. Diski kubwa kuliko hapo hugawanywa kwa GPT, na XP ya kawaida ya biti 32 haiwezi kuisoma. Hii inahusu diski za nje pia, ndiyo maana nimekwambia TB 1.

Kisha jiulize hiyo mashine itaendelea kufanya nini. XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kazi iliyobaki kwake ni kuiendesha mashine ya kuchapia tu. Si mahali tena pa kukaa picha za miaka kumi na tano. Basi nunua SSD ndogo, diski ya chipu, ya GB 120. Iko chini ya dari ya GB 137, kwa hiyo hakuna ugomvi wa BIOS wala wa Service Pack. Inaingiza taswira yako ya GB 80 na nafasi inabaki. Haina kinachozunguka, inakula umeme kidogo, na pawa saplai yako ya uzee itashukuru. XP haijui amri ya kusafisha SSD inayoitwa TRIM, kwa hiyo ile sehemu inayobaki baada ya GB 80 iache tupu bila patisheni. Chipu ya diski itaitumia yenyewe kupumulia. Kuna wanaosumbuliwa na habari ya mpangilio wa sekta, kwamba XP inaanza patisheni kwenye sekta ya 63 na SSD ingependa nyingine. Ni kweli, na kwa kazi yako sijali: bado itakuwa na kasi kuliko ulivyowahi kuiona, na kuisogeza patisheni ya XP ni njia ya uhakika ya kuifanya igome kuwaka.

Kufunga

Tazama kwanza kama mazabodi ina soketi za SATA, zile ndogo zenye umbo la L. Pentium 4 nyingi zilizotoka kuanzia 2003 zenye chipu za Intel 865 au 915 zinazo, mbili au nne. Kama zipo, tumia kebo ya SATA moja kwa moja, na ndani ya BIOS uchague hali ya IDE au "Compatible". Usichague AHCI, kwa sababu XP haina draiva yake na utapata ukurasa wa bluu wenye namba 0x0000007B. Baadhi ya mashine za zamani zenye chipu za VIA hazielewani na diski mpya za SATA kabisa.

Kama ina IDE tu, nunua kipande cha kugeuzia, kinachopachikwa nyuma ya SSD na kupokea ule mkanda mpana. Hapa watu hupoteza fedha: vipande hivyo viko vya aina mbili zinazofanana. Kimoja ni cha kuunganisha diski ya IDE kwenye mazabodi ya SATA, kingine ni cha kuunganisha diski ya SATA kwenye mazabodi ya IDE. Unataka hicho cha pili. Mwambie muuzaji, "diski yangu ni SATA, mazabodi ni IDE," akuonyeshe soketi zenyewe. Nakipendekeza kuliko kadi ya SATA ya kuchomeka kwenye PCI, kwa kuwa kadi inataka draiva yake iwepo ndani ya XP kabla ya kunakili, na hatutaki kuiwasha diski mgonjwa kwa ajili ya hilo. Kwa kipande hiki XP itaona diski ya IDE kama siku zote. Usinunue diski "mpya" ya IDE. Hazitengenezwi tena, na zinazouzwa kama mpya ni za mtumba zilizobandikwa karatasi upya.

Kuirudisha taswira kwenye SSD, washa tena SystemRescue kwenye laptopu, unganisha SSD kwa adapta ileile, fungua diski ya nje kwenye /mnt/bakapu kama mwanzo, na tuseme SSD imeitwa sdd:

ddrescue -f /mnt/bakapu/duka.img /dev/sdd /mnt/bakapu/rudisha.map

Herufi hiyo iangalie tena na tena kwenye lsblk, maana amri hii inafuta kilichopo kwenye SSD bila kuuliza.

Mkanda wa IDE wenye nyaya 80 una rangi: kichwa cha bluu kinaingia mazabodi, cheusi cha mwisho ni cha diski kuu, cha kijivu cha katikati ni cha ya pili, kwa kawaida mashine ya DVD. Mstari mwekundu pembeni ya mkanda unaelekea pini namba moja, ambayo kwenye diski nyingi iko upande wa soketi ya umeme. Usilazimishe. Umeme wa SSD utautoa kwenye plagi ya zamani ya pini nne kupitia kigeuzi. Chagua kile ambacho unaziona nyaya zikiingia moja moja kwenye plagi yake, siyo kile kilichomwagiwa plastiki kuwa kipande kimoja. Hivyo vya kumwagiwa vimewahi kuungua kwa nyaya kugusana ndani. SSD ni ndogo kuliko nafasi yake, ifunge kwa breketi na skrubu zake fupi, za diski kubwa hazilingani.

Ukiiwasha, ingia BIOS, kwa kawaida F2 au Delete, uhakikishe diski inaonekana kwa ukubwa wake. Tazama na tarehe. Ikisema ni 2003, betri ya mviringo ya CR2032 kwenye mazabodi imekufa. Ibadilishe leo, nitakwambia kwa nini. XP ikishawaka, ruhusu sasa ukaguzi wa diski ufanyike, kwa kuwa huku ni kwenye nakala na ile taswira ya asili iko salama. Kisha chapa picha moja ya pasipoti.

Baada ya hapo

Kuna kanuni iliyopata umaarufu kupitia mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwako ingekuwa hivi. Nakala ya kazi ni kwenye kompyuta. Ya pili ni diski ya nje iliyoko dukani, iliyochomolewa. Ya tatu ni diski nyingine iliyoko nyumbani, na kila Jumamosi unazibadilisha, moja inakwenda, nyingine inarudi. Hesabu na CV ni ndogo, hizo ziweke pia kwenye akaunti ya Google kutoka simu au laptopu. GB 15 za bure zinatosha, na bando halitakuumiza. Picha za harusi usihangaike kuzipandisha.

Neno "iliyochomolewa" lichukulie kwa uzito kuliko lote nililoandika. Wewe unapokea flashi za watu mchana kutwa, na XP ina tabia ya kuendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi. Kirusi cha Conficker kilienea hivyo tangu 2008, na vile vya kugeuza folda kuwa njia za mkato bado vinatembea mikononi mwa wanafunzi. Diski ya akiba iliyochomekwa muda wote itaambukizwa pamoja na kompyuta, na kirusi cha kufunga mafaili kwa ajili ya fidia kitaifunga pia. Ichomeke jioni baada ya mteja wa mwisho, nakili, ichomoe.

Kwa kunakili, tengeneza faili la Notepad, ulipe jina bakapu.bat, uweke mstari huu, ukibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski:

xcopy "C:\Documents and Settings\Duka\My Documents" F:\DUKA /E /D /C /H /I /Y

Ukilibofya mara mbili litanakili vipya na vilivyobadilika tu, kwa dakika chache. Herufi D ndiyo inayolinganisha tarehe, na ndiyo sababu ya betri: kompyuta inayorudi 2003 kila umeme unapokatika inayapa mafaili uliyoyabadilisha leo tarehe ya zamani, na xcopy inayaruka ikidhani nakala iliyoko ni mpya zaidi. Unakuwa na bakapu unayoiona kila siku ambayo hesabu zake hazijasogea tangu mwaka jana. Mara moja kwa mwezi, fungua picha tatu za karibuni moja kwa moja kutoka diski ya akiba, kwenye kompyuta nyingine.

Diski ya zamani usiitupe wala kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Iandike tarehe, iweke kwenye bahasha kavu mpaka uwe umefungua folda zako zote na kuridhika. Halafu iharibu kweli. Humo kuna vitambulisho na picha za watu wa Muheza nzima, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayokubebesha dhamana hiyo. Kufomati kwa XP hakufuti data, na diski inayogonga haiwezi kufutwa kwa programu hata hivyo. Mpe fundi wa kuchomelea aitoboe kwa drili matundu kadhaa yanayopenya sahani zote, avae miwani, maana baadhi ya sahani ni za kioo.